Albamu Sita, Nyumba Moja

Msomaji wangu, ukitaka kumjua mtu usimuulize anapenda muziki gani. Atakuangalia usoni kwanza ndipo akujibu: akikuona wa kanisani atataja kwaya, akikuona sista duu atataja R&B. Muulize ni albamu ipi aliisikiliza mpaka kanda ikakatika, halafu muulize alikuwa anaisikilizia kwa nani. Hapo ukweli utatoka wenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu nimejaribu kuandika orodha ya albamu zangu bora za mwaka 2000 hadi 2009, na kila nikiandika jina la msanii, pembeni yake linakuja jina la mtu wa kwangu. Muongo ule ulikuwa wa kanda. Bongo fleva ilikuwa inapanda kwa kasi ile mbaya, dansi bado lilikuwa na ubabe wake, injili inajaza viwanja, taarabu inaingiza vinanda vya umeme. Ulinunua kanda nzima, upande A na upande B, na wimbo wa tatu usipokupendeza ulivumilia tu, maana kupeleka mbele mbele kulimaliza betri. Uvumilivu ule ulikuja kunifaa nilipompenda mtu ambaye dini yake si yangu, kabila lake si langu, na muziki wake, Mungu wangu, haukuwa wangu kabisa.

Sitazipa namba za ubora. Nazitaja jinsi zilivyoingia kwangu.

MACHOZI, JASHO NA DAMU (Professor Jay, 2001)

Mwaka huo nilitoka Bukoba kuja Dar nikiwa na miaka 19, begi moja na furushi la senene. Kaka yangu alikuwa amepanga chumba kimoja Temeke. Mimi nililala kitandani, yeye chini kwenye mkeka, redio kaseti ikiwa karibu na kichwa chake. Wazee wengi walikuwa wakisema bongo fleva ni muziki wa wahuni. Kaka hakuwa mhuni. Alikuwa anauza viatu vya mitumba Kariakoo, analala saa sita usiku, anaamka saa kumi na moja.

Professor Jay alikuwa ametokea Hard Blasters, wale wa albamu ya Funga Kazi, na hii ilikuwa yake peke yake. Ndani yake kuna "Ndiyo Mzee", wimbo wa mwanasiasa anayeahidi kila kitu huku umati ukimwitikia. Kaka alicheka mpaka akashika mbavu, na siku hiyo alikuwa hajauza hata pea moja. Nilijifunza kwake kwamba mtu anaweza kuizungumza shida yake kwa mzaha bila kujidharau. Mwaka 2015 Jay huyo huyo aligombea kweli, akawa mbunge wa Mikumi hadi 2020. Matokeo yalipotangazwa kaka alinipigia simu usiku: "Mdogo wangu, umesikia? Yule wa kwenye kanda yetu kaenda bungeni!"

MARIA SALOME (Saida Karoli, 2001)

Ukiwa Mhaya hapa mjini jiandae kutaniwa. Utaitwa nshomile, utaulizwa kama bado unajisifu kwa kizungu. Nilipokuwa mgeni utani ule ulinikera, nikaamua Kihaya nitakisema chumbani tu, kwa sauti ya chini, na kaka yangu.

Ghafla akatokea binti wa kijijini kwetu upande wa Bukoba, akaimba kwa Kihaya, na Dar nzima ikadata. Kwenye daladala, saluni, harusini, kote ni Saida. Watu wa Temeke walikuwa wanaimba maneno ya bibi yangu huku wakiyavunjavunja, na hakuna aliyejali. Siku moja kondakta mmoja alisikia ninavyoitikia, akagundua mimi nayatamka sawasawa. "Sista, kumbe wewe ni wa huko? Hebu tupe maana." Nikaanza kutafsiri, abiria wa siti ya nyuma wakasogea, mpaka nikapitiliza kituo. Tangu nifike mjini sikuwahi kuwaona watu wakinyamaza ili wanisikilize mimi.

Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walipotoa "Salome", wanangu walidhani ni kitu kipya. Nikawatolea kanda yangu. Wakaniuliza, "Mama, hiki ni nini?"

BINTI (Lady Jaydee, 2003)

Sasa nina kazi ya mapokezi, nina mshahara, na ninaishi Sinza na shoga yangu mmoja. Tulichangia kodi, jiko la mchina na hii kanda. Lady Jaydee tulikuwa tunamjua tangu alipokuwa mtangazaji wa Clouds FM, kisha akatoa albamu ya Machozi, na baadaye akasimama na bendi yake mwenyewe, Machozi Band. Nilichokipenda ni kwamba hapigi kelele. Anakuambia jambo zito kwa sauti ile ile ambayo mwingine angetumia kukuombea chumvi.

Shoga yangu alikuwa na mchumba aliyekuwa anamchukulia mshahara wote kila mwisho wa mwezi, eti wanajenga. Kiwanja chenyewe hakijawahi kuonekana. Siku alipoamua basi, hakulia wala hakutukana. Aliweka Binti kwenye redio, akafua, akapiga pasi nguo zake za kazi, na mwezi ule tulisikiliza kanda hiyo tu. Sasa hivi ana duka lake la vitambaa, na ukimtajia yule mwanaume anakuuliza, "Nani?"

SAFARI 2005 (African Stars, Twanga Pepeta)

Mwaka umo kwenye jina lenyewe, na ndio mwaka niliofunga ndoa. Kabla ya hapo dansi kwangu lilikuwa muziki wa wajomba wenye vitambi. Kijana mmoja wa Tanga, fundi umeme, akanialika Mango Garden pale Kinondoni nikamwone Twanga. Nilienda kwa shingo upande.

Wanawake wenzangu wengi husema, aliniteka kwa maneno. Huyu alininyamazisha. Wimbo ulipoanza taratibu na kisa chake, akaniambia, "Subiri, usicheze bado. Sikiliza gitaa la rhythm, halafu solo, halafu besi inavyowajibu." Nikasubiri. Sebene lilipoanza nikaelewa kwa nini ukumbi mzima ulikuwa umekaa na kungoja. Nikajisemea moyoni kwamba mtu anayejua kusubiri namna hii, pengine ataweza pia kunisubiri mimi.

Tatizo lilikuwa Mzee wangu. Ni mtu wa kanisa toka utotoni, na aliposikia kwamba mkwe ni Muislamu alisema neno moja tu, hapana, akakata simu. Tulifunga ndoa bomani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu, mradi mtoe taarifa siku 21 kabla ili mwenye pingamizi ajitokeze. Siku zile 21 nilikuwa nashtuka kila nikisikia hodi. Hakuna aliyekuja kupinga. Wala baba hakuja kubariki. Kaka alisaini kama shahidi akiwa na suti ya mtumba iliyomkaa vizuri kuliko bwana harusi.

MTEULE UWE MACHO (Rose Muhando, 2004)

Hii siwezi kuiandika kwa urefu. Mwaka 2006 nilipoteza mimba ya miezi saba. Mama alipanda basi kutoka Bukoba, siku mbili barabarani, na ndani ya mkoba wake, pamoja na kanga na dawa zake za presha, kulikuwa na kanda ya Rose Muhando.

Unaikumbuka sauti ile. Ya mwanamke wa Dodoma aliyetoka kwenye kwaya, yenye mikwaruzo, inayoimba kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani. Mwaka 2011 kampuni kubwa ya Sony Music ilikuja kuingia naye mkataba. Sisi wakati ule hatukuhitaji kampuni yoyote ituambie. Mama alikuwa anaifungulia chini chini kabisa, sauti ya kunguni, kwa kumwogopa mkwe. Ni nyumba yake, alisema, na ana dini yake.

Asubuhi ya nne niliamka nikamsikia Rose kwa sauti kubwa. Nilitoka sebuleni nikijua mama kajisahau. Mama alikuwa bado amelala. Mume wangu alikuwa amerudi kutoka msikitini baada ya swala ya alfajiri, kanzu bado mwilini, amewasha redio, anachemsha chai ya tangawizi. Hakuniambia kitu. Aliongeza kikombe cha tatu kwenye sinia. Mama alipokuja akasimama mlangoni, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akakaa. Jioni hiyo nilimsikia anaongea na baba kwenye simu, kwa Kihaya, neno kwa neno: "Huyu mtoto kalelewa."

ZANZIBARA 4 (Bi Kidude)

Aliyemlea anatoka Tanga, mji ambao taarabu yake ilitikisa pwani nzima enzi za Black Star na Lucky Star. Mama mkwe wangu hakuitaka taarabu ya siku zile. Jahazi ya Mzee Yusuf ilianza mwaka 2006 na ilikuwa imeteka kila baraza, lakini yeye aliiita taarabu ya kompyuta. Basi mume wangu akamletea kutoka Unguja hii CD, ya nne katika mfululizo wa Zanzibara, iliyotolewa Ufaransa.

Bi Kidude wakati huo alikuwa bibi kizee aliyezunguka dunia, aliyepewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, aliyeimba nyimbo za Siti binti Saad na kupiga ngoma za unyago. Tulipomtembelea, mama mkwe aliwatoa wanaume wote nje, akafunga mlango. "Mkaza mwana, njoo ukae hapa." Akasikiliza kidogo, akaizima CD, akageuza ndoo na kuanza kupiga mwenyewe. Aliyoniambia mle ndani ni ya mle ndani. Nitatoa moja tu, kwa ajili ya msomaji mwenye kidonda kama changu.

Aliniambia alizika watoto wawili kabla ya mume wangu kuzaliwa. Sikuwa nimewahi kulisikia, hata mume wangu hakuwa analisema. Kisha akaonyesha kava la CD. "Huyu unayemwona hakuzaa. Lakini kawafunda mabinti wangapi? Nani atasema si mama?" Bi Kidude alifariki Aprili 17, 2013. Mama mkwe akamfuata mwaka uliofuata. CD ninayo, ina mikwaruzo, inaruka kwenye wimbo wa pili.

SASA BABA

Mwaka 2008 tulipata mtoto wa kiume, na mwaka uliofuata Mzee wangu akaja Dar kumwona mjukuu. Alisalimia kwa heshima zote, akapokea maji, akakaa. Halafu kimya. Mume wangu kwenye kochi hili, baba kwenye kochi lile, katikati meza ya kioo na karanga ambazo hakuna anayezigusa. Nikajificha jikoni.

Nikasikia kanda inaanza. Maria Salome. Baadaye kidogo nikamsikia mume wangu anauliza kwa unyenyekevu, "Baba, samahani. Hapa anasemaje? Mwanao huwa ananitafsiria, ila nadhani ananificha mengine." Kimya tena. Kisha baba akakohoa, akaanza kueleza. Akaeleza neno, akaeleza neno lilivyokuwa likitumika zamani, akaeleza nani alimwambia nani kwenye harusi ya shangazi yake. Upande A ulipoisha, aliyeinuka kugeuza kanda alikuwa Mzee.

Hawakuwa marafiki siku ile ile, nisikudanganye. Ila karanga zililiwa.

Najua nimeacha nyingi. Wa Juma Nature watanilaumu kwa Ugali ya 2003, wa Kongo watasema Droit Chemin ya Fally Ipupa ya 2006 iko wapi, jirani zetu Wakenya watadai Sawa Sawa ya Eric Wainaina. Zote kali, na kila mmoja ana watu wake wa kuzikumbuka nao. Hizi sita ni za watu wangu.

Siku hizi kila mtu ana spika zake za masikioni na simu yake. Mke anasikiliza vyake, mume vyake, mtoto vyake, na hakuna anayemsumbua mwenzake. Ni raha, sikatai, hata mimi nafanya. Lakini kama ndani ya nyumba yako kumekuwa na ukimya wa makochi mawili, jaribu hivi. Jumapili moja, mwombe mwenzako akuchagulie albamu aipendayo, ile usiyoielewa kabisa. Isikilizeni yote, mwanzo mpaka mwisho, bila kurusha wimbo. Akikueleza, msikilize. Usipoipenda, si neno, utakuwa umejua aliisikilizia kwa nani.

Kazi kwako!