Tübingen, Mji wa Taa Zisizodai Betri

Mwezi huu tunawaletea habari za Tübingen, mji wa kusini mwa Ujerumani ulio kando ya mto Neckar. Tangu mwaka 2014 mji huo una urafiki rasmi na mji wa Moshi, na kwa hiyo mtu atokaye Kilimanjaro hapokewi kama mgeni kabisa. Sisi tulifika huko Novemba 2023, akina mama sita, tukakaa siku kumi katika nyumba za akina mama wenzetu Wakristo.

Mengi ya safari ile tumekwisha kuyasimulia vikundini. Leo tunataka kusema juu ya jambo moja dogo ambalo tunaona litamfaa kila mama ambaye mumewe au mtoto wake hurudi nyumbani kwa baiskeli giza likiwa limeingia. Nalo ni taa.

Mji wa wanafunzi na baiskeli

Tübingen ni mji wa kale. Chuo Kikuu chake kilianzishwa mwaka 1477. Philipp Melanchthon, aliyekuja kuwa mwenzake Martin Luther katika kazi ya matengenezo ya Kanisa, alisoma na kufundisha hapo kabla ya kuhamia Wittenberg mwaka 1518. Nyumba za katikati ya mji zimebanana, vichochoro vyake vimetandikwa mawe, na kila upande kuna mpando au mteremko.

Pamoja na milima hiyo, watu wake wanapenda sana baiskeli. Tuliona wanafunzi, wazee wenye mvi, na akina mama wenye mtoto kwenye kiti cha nyuma na kapu la mboga mbele. Chini ya kilima chenye ngome ya zamani limechimbwa handaki la waendao kwa miguu na kwa baiskeli tu, magari hayapiti humo.

Mwezi wa Novemba jua huzama huko kabla ya saa kumi na moja jioni, na asubuhi watoto huondoka kwenda shule kabla hakujakucha vizuri. Hata hivyo akina mama wenyeji wetu waliwaaga watoto bila wasiwasi mwingi. Sheria yao inadai kila baiskeli iwe na taa nyeupe mbele, taa nyekundu nyuma, na viakisi vya mwanga hata kwenye pedali na magurudumu. Watoto wa darasa la nne hufundishwa kuendesha barabarani na kupewa mtihani, mara nyingi polisi wakiwapo. Hadi mwaka 2013 karibu baiskeli zote zilipaswa kuwa na dainamo. Baada ya hapo taa za betri nazo ziliruhusiwa.

Dainamo iliyofichwa

Dainamo tunayoijua sisi ni ile kama kichupa, inayosuguana na ubavu wa tairi. Huko Tübingen tulitafuta vichupa hivyo kwenye baiskeli za wenyeji wetu tusivione, na taa zinawaka. Mwenyeji wetu mmoja akacheka, akatuonyesha habu ya gurudumu la mbele, iliyokuwa nene kuliko za kwetu. Dainamo ilikuwa humo ndani.

Kesho yake alitupeleka kwa fundi baiskeli. Alitueleza kwamba ndani ya habu kuna sumaku na koili ya waya. Gurudumu likizunguka, sumaku huzunguka kuizunguka koili, na umeme unapatikana. Hakuna kinachosugua tairi, kwa hiyo hakuna kelele, tairi haliliki, na mvua au tope havifanyi dainamo iteleze. Umeme wake ni mdogo: volti 6 na wati 3.

Si jambo jipya. Kampuni ya Sturmey-Archer ya Nottingham, Uingereza, ilianza kuuza habu za namna hii mwaka 1936. Katika miaka ya 1990 mhandisi wa Tübingen, Wilfried Schmidt, alianza kutengeneza habu yake iitwayo SON, na karakana yake ingali mjini humo. Wasafiri waendao mbali kwa baiskeli wanaisifu kwa kudumu.

Mama mmoja katika kundi letu alikuwa na maswali mengi kutuzidi sote. Mumewe anafanya kazi ya zamu huko Arusha Chini, na hurudi usiku kwa baiskeli akimulika kwa tochi aliyoishika mkononi. Usiku wa zamu mama huyu halali mpaka asikie baiskeli ikiegemezwa ukutani.

"Akisimama kupisha lori, taa si itazimika?" aliuliza.

Fundi alimjibu kwamba taa za siku hizi zina kihifadhi umeme kidogo ndani yake, na huendelea kuwaka dakika kadhaa baada ya gurudumu kusimama. Alitushauri kuhakikisha taa ya nyuma inacho, maana anayesimama gizani hugongwa kwa nyuma.

"Na mzigo hauongezeki miguuni?"

Alimpa gurudumu alizungushe kwa mkono. Habu ilivuta kidogo tu. Taa zikiwaka huvuta zaidi, lakini mwendeshaji wa kawaida hatasikia tofauti kubwa.

Jinsi ya kuchagua

Hapo ndipo tulipouliza bei. Habu ya SON hupita Euro 200. Ya Shimano ya kawaida hupatikana kwa makumi ya Euro. Juu ya hapo kuna taa, na kuna kazi ya fundi ya kusuka gurudumu upya kwa spoki. Tulitazamana, kila mmoja akikumbuka karo ya mwezi wa Januari.

Kama nyumba yenu inaweza gharama hiyo, pimeni kwanza. Hesabuni spoki: baiskeli za kizamani za mtindo wa Kiingereza huwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, na matundu ya habu lazima yalingane na ya rimu. Pimeni pia nafasi kati ya miguu ya uma wa mbele. Habu za siku hizi zimetengenezwa kwa nafasi ya milimita 100, na uma wa baiskeli ya zamani unaweza kuwa mwembamba zaidi.

Kama haiwezekani, msikate tamaa. Fundi yule alisema dainamo ya kichupa ikifungwa vizuri bado ni msaada mkubwa, hasa ikiwasha taa ya LED badala ya balbu ya zamani. Ifungwe ili mstari wa katikati yake uelekee ekseli ya gurudumu. Ikipinda italia na kula tairi. Kwa kuwa nyingi hutumia chuma cha baiskeli kama waya wa pili, skrubu yake ipenye rangi na kutu mpaka ishike chuma chenyewe. Taa nyingi zinazosemekana zimekufa zina tatizo hilo tu. Na wanaotumia balbu za zamani wajue kwamba balbu ya nyuma ikiungua, umeme wote huenda kwenye ya mbele, nayo huungua. Badilisheni mapema.

Habari ya kuchaji simu

Sote tuliipenda habari hii, kwa sababu vijijini kwetu bado wapo wanaolipa dukani ili simu zao zichajiwe. Inawezekana, lakini kwa masharti.

Kwanza, msiunganishe simu moja kwa moja na dainamo. Umeme wake ni mkondo geu, na kwenye mteremko volti hupanda sana. Lazima kiwepo kifaa cha kuunyoosha na kuupunguza uwe volti 5. Ni vizuri umeme huo uingie kwanza kwenye pawa benki, kisha simu ichajiwe mkitulia nyumbani.

Pili, kuchaji kunataka mwendo. Kwa kawaida ni kuanzia kilomita 15 kwa saa ndipo umeme unakuwa wa maana. Mtu aliyebeba mkungu wa ndizi na debe la maji kwenye njia ya vumbi haendi hivyo. Taa yake itawaka vizuri, lakini simu haitajaa.

Tatu, wati 3 hazitoshi kwa vyote viwili pamoja. Chajini mchana; usiku ni zamu ya taa. Kijana wa nyumbani asishawishike kuzima taa ili simu ijae.

Turudi nyumbani

Mama yule hakununua habu. Alinunua dainamo ya kichupa, taa ya LED ya mbele, taa ya nyuma inayobaki ikiwaka, na viakisi vya magurudumu. Baba watoto alivifunga siku ya Jumamosi. Mama anatuambia bado anakesha kidogo, lakini sasa huiona taa ikija tangu kwenye kona ya barabara, na mikono ya mumewe yote miwili iko kwenye usukani.

Tambarare za Kahe na Arusha Chini zimejaa waendesha baiskeli, na mahali pengi pa nchi yetu ni hivyo hivyo. Wengi hupita gizani bila hata kiakisi kimoja. Tunajua kwamba fedha za nyumbani ni chache na zina kazi nyingi. Lakini hebu kila mama jioni ya leo aitazame baiskeli ya nyumbani kwake. Kama hakuna fedha ya dainamo, anzeni na kiakisi chekundu kwenye madigadi ya nyuma, halafu mweke akiba kidogo kidogo.

Wale wanawali wenye busara katika mfano wa Bwana walifikiria mafuta mapema, kabla ya usiku wa manane. Sisi nasi tufikirie mapema, nyakati za mchana, juu ya wale watakaorudi usiku. Bwana awalinde watokapo na waingiapo.