Debe la Shangazi na Soko la Darajani

Mimi ni bwana shamba hapa Nyamuswa, wilaya ya Bunda. Nina cheti cha kilimo nilichokipata Ukiriguru. Kazi yangu ni kuwafundisha wakulima kupanda kwa mistari, kupalilia mapema na kuua wadudu wa pamba. Kwa miaka mingi nilidhani kwamba kazi yangu inakwisha mazao yakishaingia ghalani. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyotambua kwamba nilikosea.

Mwaka 2018 mwenzangu mmoja alinialika kwenye arusi ya binti yake mjini Unguja. Tulikaa bweni moja Ukiriguru, kisha yeye akaenda upande wa mifugo. Shangazi yangu ni mjane, na shamba lake la ulezi liko karibu na kwangu. Aliposikia nakwenda Unguja alinituma mambo mawili.

"Baba, niletee karafuu," alisema. Kisha akafunga ulezi wake kidogo katika kitambaa. "Na huu uwaonyeshe watu wa huko. Waulize wanaununua kwa kiasi gani."

Niliona haya kidogo. Mtu mzima kusafiri kutoka Nyamuswa mpaka Unguja na kifurushi cha ulezi mfukoni! Lakini shangazi hakataliwi.

Basi likanifikisha Dar es Salaam nikiwa nimevimba miguu. Toka hapo nilipanda boti, na baada ya saa mbili hivi nikaona nyumba nyeupe za Mji Mkongwe zikitokea majini. Mji huu una nyumba za mawe za zamani na vichochoro vyembamba sana. Mwaka 2000 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mimi nilipotea mara mbili siku ya kwanza, na mara zote mbili aliyenirudisha njiani ni mtoto mdogo.

Asubuhi ya pili mwenyeji wangu alinipeleka soko la Darajani. Jengo lake ni refu, lenye paa jekundu, na lilijengwa mwaka 1904. Zamani palikuwa na mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, na watu walivuka kwa daraja. Maji yalikwisha kufukiwa siku nyingi, lakini jina la Darajani limebaki.

Nilianza upande wa samaki. Sisi wa Mara tunajua sato, sangara na dagaa. Pale nilikuta pweza, changu, na jodari mkubwa kama ndama. Samaki huwekwa chini, dalali anaita bei, wanunuzi wanapandishiana, na mara samaki amekwisha pata mwenyewe. Mimi nilikuwa bado natafuta ni nani aliyesema bei ya mwisho.

Upande wa matunda na mboga vitu vingi huuzwa kwa fungu. Maembe matano ni fungu, ndimu kumi ni fungu. Mwanzoni nilisema moyoni kwamba hawa watu hawana mizani. Baadaye nikaona kwamba fungu lina haki yake. Muuzaji na mnunuzi wote wanaliona kwa macho. Ukilipenda unalichukua, usipolipenda unasogea kwa jirani yake.

Taabu yangu ilikuwa kwenye karafuu. Kijana mmoja wa kando ya barabara alinionyesha pakiti nzuri iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Akataja bei. Nikalipa, maana niliona aibu kubishana mbele ya mwenyeji wangu aliyekuwa akinunua nazi hapo karibu. Tulipofika nyumbani mama wa nyumba aliiweka ile pakiti juu ya mizani yake ya jikoni. Zilikuwa gramu 50. Kwa bei ile, alisema, dukani ningepata mara mbili.

"Bwana shamba mzima!" mwenyeji wangu akacheka mpaka akakohoa.

Kesho yake nilirudi sokoni peke yangu na ulezi wa shangazi. Niliingia katika duka la nafaka la mzee mmoja. Aliumimina kiganjani, akaupuliza, akatafuna punje mbili.

"Ulezi msafi huu," alisema. "Kwenu kilo kiasi gani?"

Ndugu wasomaji, nilikwama. Bei ya debe niliijua. Bei ya kilo sikuijua. Mzee alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake akalisahau. Kisha akaniambia kwa upole kwamba zamani Unguja nao walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne ni pishi moja. Lakini kibaba kilijulikana na kila mtu, na muuzaji aliyekuwa na kibaba kidogo alisemwa mtaa mzima.

Nilipotoka hapo nilipita Mkunazini, karibu tu na sokoni. Pale lipo kanisa kuu la Anglikana. Limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, ambalo lilifungwa mwaka 1873. Watu walitoka bara, wengine mbali sana, wakasimamishwa pale na kutiwa bei. Nilisimama kidogo, nikaondoka. Sikuwa na hamu ya kununua kitu tena siku ile.

Usiku nilimweleza mwenyeji wangu habari za yule mzee wa ulezi. Naye akanisimulia aliyoyaona Uholanzi alipopelekwa kusomea mifugo. Huko kuna mji wa zamani uitwao Alkmaar, wenye soko la jibini. Jibini ni maziwa yaliyogandishwa, yakakamuliwa maji na kukaushwa. Huko huyafanya mviringo mkubwa wa kilo 13 hivi. Mnunuzi na muuzaji hupatana bei kwa kupigana viganja. Lakini uzito hausemwi na muuzaji, wala hausemwi na mnunuzi. Jibini hubebwa na wachukuzi wawili wawili juu ya machela ya mbao mpaka kwenye nyumba ya mizani ya mji. Mji ule ulipewa haki ya kupima mwaka 1581, na chama cha wachukuzi wake kipo tangu mwaka 1593. Siku hizi soko lile hufanywa zaidi kwa ajili ya wageni wanaokuja kutazama. Hata hivyo mizani bado ipo katikati.

Sikulala upesi. Niliwaza madebe ya Nyamuswa.

Niliporudi nilipita Mwanza nikanunua mizani ya kuning'iniza, yenye uso kama wa saa. Kisha niliipeleka Musoma kwa Wakala wa Vipimo ikaguliwe, kwa sababu mizani ya biashara lazima ihakikiwe, tena kila mwaka. Ndipo nikaenda kwa shangazi.

Nilikuta amekwisha uza madebe 10. Karo ya mjukuu wake ilikuwa inadaiwa. Mnunuzi alikuja na gari na debe lake mwenyewe, akawa analijaza mpaka ulezi unasimama juu kama kichuguu. Kila mtu wa hapa anaujua mtindo huo. Ni ndugu wa lumbesa, lile gunia linaloshonewa kofia juu, ijapokuwa Sheria ya Vipimo hairuhusu gunia la mazao lizidi kilo 100.

Tulitundika mizani kwenye mwembe. Tukajaza debe tukalisawazisha kwa kijiti, tukatoa uzito wa debe lenyewe. Ulezi ulikuwa kilo 16 na nusu. Tukajaza tena, safari hii kwa kichuguu kama cha yule bwana. Kilo 19 na robo. Tofauti ni kilo 2 na robo tatu kwa kila debe. Kwa madebe 10 ni kilo 27 na nusu, yaani zaidi ya debe moja na nusu.

Shangazi alikaa kimya. Halafu akasema, "Kumbe nilikuwa namlimia." Akanigeukia. "Na wewe baba, miaka yote hii ulikuwa wapi na hiyo saa yako?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemfundisha nafasi kati ya shina na shina.

Siku ya soko tulipeleka madebe 4 yaliyobaki pamoja na mizani. Yule mnunuzi akaja. Alipoona tunatundika mizani alisema hana muda, akaenda kwa akina mama wengine akajaza kichuguu chake. Wawili wakamkatalia, lakini wengi wakamuuzia, na siwalaumu. Mtu mwenye mgonjwa nyumbani hangoji soko lijalo. Sisi tulirudi na ulezi wetu, na karo iliyobaki niliikopesha mimi.

Soko lililofuata akaja mtu mwingine kutoka Bunda. Yeye aliitazama mizani, akasoma stika ya Wakala, akauliza, "Kilo kiasi gani?" Shangazi akamjibu bila kunitazama. Alinunua wote, na wa wale akina mama wawili pia.

Jioni ile ndipo nilipokumbuka kumpa karafuu zake. Alizinusa, akafurahi. Kisha akainuka, akaifunga ile pakiti kwenye ndoano ya mizani, akasogeza uso karibu. Mshale haukutikisika.

"Baba," aliuliza, "hizi ulizinunua kwa kiasi gani?"