Baada ya Hapo, Umefanya Nini?

Video ikifutwa kwenye memori kadi ya kamera, haiondoki papo hapo. Kadi huweka vitu viwili: video yenyewe, na orodha inayoonyesha kila video imekaa sehemu gani. Kufuta hugusa orodha tu. Hata kule kufomati kwa haraka, ambako huwatoa watu jasho, mara nyingi huanzisha orodha mpya na kuviacha vilivyokuwemo vilale vilipo. Ni kama gesti ambayo mtu wa mapokezi amekata jina la mgeni daftarini: mgeni bado yumo chumbani, kajifungia, kalala. Atakayemtoa ni mgeni mwingine, atakayekabidhiwa ufunguo wa chumba hicho kwa sababu daftari linasema kiko wazi.

Kwa hiyo video hupotea kwa hatua mbili. Ya kwanza ni kubonyeza mara moja, kufumba na kufumbua. Ya pili huchukua saa nzima, pengine siku, na mtu huifanya akiwa macho, tena akichapa kazi. Mimi nahariri video za harusi, na kwa kuwa nina programu za kuokolea mafaili, watu huniletea kadi zao. Zamani nilikuwa nawauliza ilikuwaje. Siku hizi swali langu la kwanza ni jingine: baada ya hapo, umefanya nini?

Kijana mmoja alinijia Jumatatu asubuhi, kadi kaifunga kwenye leso. Nikaha ilikuwa imepita mchana msikitini. Jioni msaidizi wake akaifomati kadi akidhani mafaili yameshahamishiwa kwenye kompyuta. Walipogundua, wageni walikuwa wanaingia ukumbini na mshereheshaji ameshashika kipaza sauti.

“Baada ya hapo, umefanya nini?”

“Nilirudisha kadi, nikapiga ukumbi. Ningefanyaje, kaka? Watu wameshalipa.”

“Umepiga mpaka saa ngapi?”

“Mpaka keki.”

Simlaumu. Kuisimamisha kamera mbele ya ukumbi uliojaa si jambo dogo. Lakini kamera ikishafomati kadi, kwa kawaida huanza kuandika upya kutoka mwanzo, na mwanzoni ndiko ilikokuwa nikaha. Kila dakika ya bidii yake ukumbini ilikuwa inakalia dakika ya msikitini.

Nikasukuma kile kiswichi cha plastiki kilicho ubavuni mwa kadi, ili kompyuta isiandike chochote juu yake. Kisha nikawasha PhotoRec, programu ya bure iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier. Programu hii haina haja na orodha. Huipitia kadi kutoka mwanzo hadi mwisho ikitafuta alama za faili linapoanzia. Picha ya JPEG, kwa mfano, siku zote huanza na baiti FF D8. Kinachopatikana huhifadhiwa kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ileile, maana hapo mwokoaji naye angekuwa anafunika anachokitafuta.

Picha za mnato zilirudi nyingi. Video ndiyo ilikuwa kazi. Faili kubwa huweza kukaa vipandevipande, na kamera nyingi huandika faharasa ya video mwishoni, upigaji ukishasimamishwa, kwa hiyo kipande kilichokosa faharasa hakichezi mpaka kiundiwe nyingine. Tulipofanikiwa kufungua cha kwanza, tuliona watu wakipeana mikono ya pongezi na sinia la halua likipitishwa. Nikaha yenyewe haikuwemo. Kijana akatazama kioo, akasema taratibu, “Yaani ningekaa tu.”

Maneno yake nimekaa nayo muda mrefu, kwa sababu ni magumu kuliko yanavyosikika. Sisi tumelelewa kuona kwamba jambo likiharibika, mtu mzima huonekana kwa anachofanya. Aliyekaa kimya tunamwita mzembe au mwoga. Kumbe kuna mahali ambapo kukaa ndiyo kazi yenyewe, na juhudi ndiyo inayomaliza kilichobaki.

Tena hili haliwapati wapiga harusi peke yao. Mwezi Julai 1969, wanaanga wa Apollo 11 walipotembea mwezini, picha za televisheni kutoka huko zilinaswa duniani kwenye kanda maalumu zilizokuwa na ubora zaidi kuliko ule ulioonekana majumbani. Baadaye kanda hizo zikatafutwa, zisionekane. Mwaka 2009 NASA ilieleza kwamba inaelekea zilifutwa na kutumika upya pamoja na nyingine nyingi, katika miaka ambayo kanda zilikuwa zimeadimika. Picha zilizosafishwa tunazozitazama leo zimetokana na nakala za matangazo ya televisheni. Waliozifuta kanda zile hawakuwa walevi wala wahuni. Walikuwa watumishi wanaobana matumizi ili kazi ya kesho isikwame. Kazi ya kesho ndiyo iliyoikalia ya jana.

Nimeliona hilo pia nyumbani, pasipo kamera. Ndugu wawili wa ukoo wetu walikosana kwa ajili ya shamba siku ya arobaini ya baba yao. Mmoja alitamka neno baya mbele za watu. Neno lenyewe lilikuwa linaokoleka: waliolisikia walijua wote wawili wana msiba na hawajalala. Kama wangeachana hapo, kila mtu akaenda kwake, wazee wangekuwa na pa kuanzia. Lakini usiku uleule ukaanza ujumbe kwenye kundi la familia la WhatsApp. Mmoja anajieleza, mwenzake anamjibu, shemeji anatia neno, asubuhi mtu anaitisha kikao. Kila mmoja aliona anatengeneza. Wiki ilipokwisha, wazee walipokuja kuutafuta ule undugu wa utotoni, walikuta umefunikwa na maneno ya kujieleza. Ugomvi ulianza kwa neno moja. Undugu ulifunikwa na mia moja yaliyofuata.

Ila nisije nikaifanya subira kuwa dawa ya kila kitu, maana kadi zenyewe zinakataa. Kuna kadi feki zilizozagaa madukani. Juu zimeandikwa GB 128, ndani uwezo wake halisi ni mdogo mno, nazo zimepangwa ziidanganye kamera. Kadi ya namna hiyo hupokea kila unachoipa, haikatai, hailalamiki, na ikishajaa huanza kutupa au kufunika ya nyuma huku orodha ikiendelea kuonyesha majina yote kamili. Mwenye kadi hiyo hata akae mwezi mzima bila kuigusa, hakuna cha kuokoa, kwa sababu sehemu kubwa haikuwahi kuandikwa. Na watu wa aina hiyo wapo: wa “sawa”, wa “nimekuelewa”, wa “usijali”. Unakuja kugundua siku ya haja kwamba hapakuwekwa kitu. Hapo la kufanya ni kuijaribu kadi mapema, kabla ya kuikabidhi siku isiyorudi.

Na hata kinachookolewa hakirudi kilivyokuwa. PhotoRec hukileta bila jina: herufi f, na msururu wa tarakimu nyuma yake. Vipande vya harusi ile vilikuwa vimechanganyika mpaka shangazi wa bibi harusi akaja kukaa nasi. Alitazama kioo kama anayechambua mchele. “Hiki kitangulie, mwanangu. Hapa hajavaa bangili za mama yake.” Kingine akakirudisha nyuma kwa sababu mtoto fulani alikuwa bado ana viatu. Kompyuta ilizirudisha sura. Mpangilio ulitoka kwa mtu aliyekuwepo na aliyekuwa anaangalia. Ndugu waliopatana nao huhitaji mtu wa namna hiyo, anayekumbuka kipi kilianza.

Jambo la mwisho ambalo huwaambia wanaoniletea kadi ni kwamba kutulia nako kuna muda wake. Ndani ya kadi, kumbukumbu ni chaji ya umeme iliyonaswa kwenye seli ndogo mno, na kadi ikitupwa kabatini miaka mingi, chaji hiyo huvuja kidogokidogo. Anayeacha kugusa kwa sababu anaogopa atapoteza kama anayegusagusa, ila atachelewa kujua. Tofauti yao na mwenye busara iko kwenye mguu: mkono kausimamisha, lakini mguu unakwenda kwa fundi, au kwa mzee, au kwa ndugu aliyemkosea. Akifika akaulizwa baada ya hapo umefanya nini, ana jibu la maana: nimeacha kila kitu, nimekuja.