Ku buntu

Nikiwa kidato cha tatu hapa Kakuma niliamini kila programu ya kompyuta ni ya wizi. Sikuona ubaya. Kituo chetu cha vijana kilikuwa na kompyuta sita za msaada, na kila ukiwasha moja, chini pembeni kunatokea maneno kwamba nakala hii si halali. Tuliyazoea kama tulivyozoea vumbi. Sokoni kulikuwa na kaka mmoja anayeyaondoa kwa shilingi 200. Baada ya wiki mbili yanarudi, na virusi juu yake. Insha yangu ya kuomba ufadhili iliharibika hivyo hivyo ndani ya flashi, usiku wa mwisho wa kuituma.

Mwalimu wetu wa kompyuta, mkimbizi kama sisi, akaniletea flashi yenye Ubuntu. Nikamuuliza ameikraki vipi. Akacheka. "Hii haikrakiwi. Ni halali. Chukua, na wenzako wape."

Sikumwamini. Akanisimulia habari za Richard Stallman wa Marekani, ambaye mwaka 1983 alitangaza kwamba atajenga mfumo endeshi ambao kila mtu ataweza kuusoma na kuubadilisha. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, akiwa na miaka 21, akaandika kiini cha mfumo, akakiweka wazi kwa yeyote. Watu wa nchi nyingi wakaunganisha kazi hizo mbili. Ubuntu yenyewe ilitoka 2004, na aliyetoa pesa za kuianzisha ni Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth.

Sawa, hadithi nzuri. Ila kilichonishika ni leseni, kitu ambacho hakuna mtu husoma. Nilisoma na kamusi pembeni. Tumia kwa kazi yoyote. Soma ilivyoandikwa ndani. Ibadilishe. Gawa nakala, mradi utakayempa naye umwachie haki zilezile. Na kanuni za programu huria zinasema wazi kwamba leseni isibague mtu wala kundi lolote. Mimi ambaye kufika Lodwar tu nahitaji kibali, nilirudia kusoma nikitafuta pale wanapouliza namba ya kadi. Hapakuwepo.

Basi, nikapagawa. Kila kompyuta niliyoiona nilitaka kuiwekea.

Mama mmoja Mrundi, katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka akiba, akaniletea laptopu yao yenye virusi. Alipoona jina kwenye skrini akacheka sana. "Ubuntu? Mwanangu, kwetu kitu cha ku buntu ni kitu cha bure!" Nikamwambia ndiyo mama, ni bure kabisa. Programu ya kuweka ikaniuliza: iwekwe kando ya Windows, au ifute diski yote? Nikachagua kufuta. Nilidhani itafuta Windows tu, na mafaili yaliyo kwenye D yatabaki. Kumbe D na C ni vyumba viwili vya diski ileile. Daftari la akiba la miaka miwili likaenda.

Mwalimu hakunigombeza. Alinyamaza, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mwishowe akasema nisiandike kitu kingine chochote kwenye ile diski, akanipa PhotoRec, nayo programu huria, inayotafuta mafaili yaliyofutwa. Umeme wa sola ulikuwa unaisha saa tatu usiku, kwa hiyo kazi ilichukua siku tatu. Ikarudisha maelfu ya mafaili, yote bila majina, ni herufi f na namba ndefu. Nikafungua moja moja: picha za ubatizo, barua, nyimbo nusu. Daftari nikalipata, lakini la zamani kidogo. Miezi miwili ya mwisho haikupatikana.

Akina mama 23 wakakaa chini ya mti kukumbuka nani aliweka nini. Sijawahi kukaa kikao kirefu namna ile. Wawili wakabishana juu ya shilingi 600. Nikazilipa mimi, kidogo kidogo, kwa miezi mitatu, na bado hao wawili hawakai benchi moja. Katibu aliniambia neno moja tu: "Ku buntu yako imetugharimu."

Siku hizi nafundisha vijana kituoni palepale. Nafundisha LibreOffice, na Word pia, maana matangazo ya kazi yanaomba Word, sitawadanganya. Kuna kitu wanapenda zaidi. Ninyi wa mashirika mnaokuja na simu kutuuliza maswali ya kaya, wengi wenu mnatumia KoboToolbox. Nayo ni programu huria. Kijana wa hapa anaweza kuisoma ilivyoandikwa, hata kutengeneza fomu yake na kwenda kuuliza majirani. Miaka yote tulijua upande wa kujibu tu, na hakuna aliyetuambia. Mwaka jana vijana wangu wanne waliandika fomu kuhusu foleni za maji, wakazunguka nayo nyumba kwa nyumba.

Yule mama bado anatumia ile laptopu, Ubuntu ikiwa ndani yake. Kila mwisho wa mwezi ananiletea flashi nimwekee nakala. Kabla hajaniachia anauliza nimekula, nimelala, akili imetulia? Na daftari la karatasi alinunua lingine, analiweka kwenye mfuko wa nailoni chini ya kitanda.