Pasipoti Ilipoibwa, Fomu Iliuliza Majina ya Wazee

Mwalimu aliniomba niandike juu ya safari yangu ya Tanga. Nitaandika, ila sehemu kubwa ya safari ile ilikuwa ni kungoja.

Mkoba wangu uliporwa kituo cha basi hapa Reading, mchana kweupe. Vijana wawili, pikipiki moja, wakapotea. Ndani yake ilikuwamo pasipoti yangu ya Tanzania, kwa kuwa benki walitaka kuiona siku hiyo. Juzi yake tu kaka alikuwa amenipigia simu: mama ameanguka, amevunjika nyonga, madaktari wanapanga kumfanyia upasuaji.

Usiku ule binti yangu, mwenye miaka kumi, aliniuliza, "Mama, kwani sasa wewe si Mtanzania tena?" Yeye amezaliwa hapa na ana pasipoti ya Uingereza. Nikamwambia kitabu huibiwa, uraia hauibiwi. Ni kweli, lakini uraia huo nilitakiwa kuuthibitisha.

Kwanza nilikwenda kwa polisi. Namba yake si 999, hiyo ni ya hatari inayotokea sasa hivi. Unapiga 101, au unaripoti kwenye tovuti yao. Hawakuniahidi kuupata mkoba, ila walinipa namba ya tukio, na namba hiyo niliihitaji baadaye. Pasipoti ikisharipotiwa kuibwa hufutwa. Hata ikiokotwa kesho yake, usisafirie.

La pili lilikuwa kibali cha kuishi. Nililala macho nikidhani nacho kimekwenda. Sivyo. Siku hizi kibali cha Uingereza ni cha kielektroniki, kiko kwenye akaunti ya mtandaoni. Lakini akaunti hiyo imefungamanishwa na pasipoti yako, kwa hiyo ukipata mpya lazima uingize namba yake kabla ya kusafiri, usije ukazuiwa uwanja wa ndege.

Kisha nikapanda treni kwenda ubalozini, London, nikiwa na swali moja: nifikeje kwa mama upesi? Afisa alinieleza kwa upole. Ipo hati ya dharura ya safari. Inakufikisha nyumbani, lakini haikurudishi; pasipoti utaiombea huko huko, na utarudi itakapokuwa tayari. Mimi nina watoto wawili, na baba yao hufanya kazi za usiku. Nikiondoka bila kujua siku ya kurudi, nani atabaki nao?

Nilimpigia mama. Akasema, "Mwanangu, nyonga yangu ina madaktari. Wanao wana wewe. Ngoja kitabu chako."

Basi nikangoja. Siku ya upasuaji sikuwepo. Nilikaa jikoni na simu mkononi mpaka kaka aliposema ametoka salama.

Fomu ya pasipoti haikuulizi wewe peke yako. Inawauliza na wazazi wako, majina yao na walikozaliwa. Cheti changu cha kuzaliwa kilikuwa Tanga, ndani ya sanduku la mama. Kaka alikitafuta, akanipigia picha kwa WhatsApp, kisha akampa chenyewe jirani aliyekuwa anakuja Leicester. Cheti cha marehemu baba hakikuwepo kabisa; wengi wa rika lake hawakuandikishwa. Shangazi ndiye aliyekwenda kwa wakili kula kiapo kwamba kaka yake alizaliwa Kipumbwi, wilaya ya Pangani, na kwamba wazazi wao ni fulani na fulani. Shangazi hana barua pepe, lakini babu zetu anawataja mmoja mmoja, na ndugu zao, na nani alimwoa nani.

Tulijaza fomu mezani, mimi na binti yangu. Kila jina aliuliza linaandikwaje. Kipumbwi tuliitafuta kwenye ramani, tukaiona pwani, kusini ya mji wa Pangani. "Kumbe babu ametoka karibu na bahari," akasema. Nilishangaa kwamba hakuwa akijua.

Nilirudi London kuchukuliwa alama za vidole, na baada ya wiki saba pasipoti ikaja. Nilipofika Tanga mama alikuwa uani, anatembea kwa mkongojo. Akanitazama juu mpaka chini, akasema nimekonda.

Wazazi, wekeni nakala za pasipoti na vyeti vyenu mahali mbali na pasipoti zenyewe, na nyingine mwachieni ndugu nyumbani. Kama wazazi wenu hawana vyeti, shughulikieni viapo mapema, wangali wapo wanaokumbuka.

Nanyi wanafunzi, hii ndiyo kazi ya nyumbani ya wiki hii: andikeni kwenye daftari majina kamili ya babu na bibi zenu wote wanne, na mahali kila mmoja alipozaliwa. Mama na baba wakikwama, mpigieni simu shangazi.