Kaburi la Vugizo na Watu wa Buyenzi

Kila mwaka, tarehe 13 Oktoba, wakubwa wa serikali hupanda kilima cha Vugizo, jijini Bujumbura, Burundi, wakasimama mbele ya kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, wakaweka mashada ya maua kwa taadhima, kisha wakateremka mjini, na mwaka jana, tulipokuwa tukiyatazama hayo katika runinga, mjukuu wangu wa darasa la tisa aliniuliza, "Babu, huyu alichezea timu gani?", kwa kuwa jina hilo alilijua kwa uwanja wa mpira tu, nao uwanja wenyewe ulikwisha badilishwa jina mwaka 2019.

Tarehe ziko vitabuni, wala hazina ubishi: uchaguzi wa Septemba 1961, ambamo chama chake, UPRONA, kilipata viti 58 katika 64, risasi iliyomuua usiku wa Ijumaa katika hoteli ya kando ya ziwa, uhuru wa Julai 1962 ambao yeye hakujaaliwa kuuona. Lakini tarehe hazimwelezi kijana kwa nini Waislamu wa mtaa wetu wa Buyenzi, ambao wengi wao wazee wao walitoka Manyema na Ujiji, na ambao Wabelgiji waliwahesabu kuwa wageni, walimlilia kijana wa miaka 29, Mkristo, mtoto wa Mwami, yaani mfalme, kana kwamba amezaliwa katika aila zao.

Mimi hayo niliyajulia dukani. Katika avenyu yetu palikuwa na mzee mmoja mwenye duka, mrefu, kanzu yake daima ina vumbi la unga wa muhogo, na duka lake lilinuka mafuta ya mawese, ndagala zilizoanikwa mchangani kando ya ziwa, sabuni ya mche, na, kila alasiri ya Alhamisi, udi alioufukiza mkewe katika chumba cha nyuma. Nyuma ya debe la chumvi aliweka mkebe wa biskuti, na ndani ya mkebe stakabadhi ya ule ushirika wa wafanyabiashara aliouanzisha Rwagasore miaka ya 1950 ikielekea ukingoni, ili wenye maduka madogo wanunue bidhaa kwa pamoja, wasiwe mateka wa mikopo ya matajiri. Ushirika ule haukustawi, na fedha za mzee hazikurudi, ila sisi watoto tulipotumwa chumvi ya faranga moja, aliitoa karatasi ile, akaikunjua juu ya meza kwa ncha za vidole, kwa kuchelea isichanike, akasema: "Wanangu, huyu aliketi juu ya gunia lile pale, akaniuliza bei ya sukari kabla ya kunitajia habari ya chama."

Oktoba ikifika, mzee hufunga duka, akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akapanda Vugizo kwa miguu, nasi nyuma yake. Na huko juu, baada ya kutuonyesha ziwa, na milima ya Kongo ng'ambo, na mabati ya Buyenzi chini yetu, huinua mikono akasoma Fatiha juu ya kaburi la Mkristo, wala sikupata kumsikia mtu akimkataza.

Kisha ikaja jamhuri, ikaja miaka ambayo jirani alimwogopa jirani, ikaja vita ya 1993. Mzee alikwisha tangulia mbele ya haki. Duka likawa gereji. Soko kuu likateketea Januari 2013. Makao makuu ya nchi yakahamia Gitega.

Kaburi lingalipo, na maua ni jambo jema. Kinachoniudhi ni kwamba kilima kile kinaonekana kutoka madirishani mwa shule, na mtoto humaliza masomo asikipande hata mara moja, ilhali wale akina mama wa Buyenzi waliomshangilia Rwagasore barabarani mwaka 1961, wachache waliosalia, wangali na kumbukumbu timamu na hawamnyimi mtu maneno. Mwalimu mwenye daftari na awaendee sasa, kabla ya Oktoba ijayo, aandike majina yao na ya wenzao waliokwisha kufa, kwa maana Vugizo hayakuandikwa.