Uanachama wa likizo: tununue kwa kampuni au mkono wa pili?



Ndugu zetu wasomaji, tunaandika haya mke na mume, na tunaandika kwa haya kidogo. Sisi ni watu wa Buyenzi, Bujumbura, na sasa tunaishi Atlanta, Marekani, na watoto wetu watatu. Wanaotujua wanajua kwamba mpaka leo tunapanga nyumba, kwa sababu mkopo wa benki ni wa riba na tumeukataa. Vijana wakituuliza huwa tunawajibu: bora kupanga miaka yote kuliko kuingia kwenye riba. Basi sikilizeni yaliyotupata Orlando.

Tulienda na watoto likizo ya shule, safari ya gari ya kama saa 7. Pale hotelini dada mmoja mchangamfu akatualika: njooni kesho mnywe chai, mpate punguzo la tiketi za watoto, mtasikiliza maelezo kwa dakika 90 tu. Dakika 90 zikawa saa 4. Kampuni hatutaitaja, maana lengo letu ni kunasihiana, si kumsema mtu. Walikuwa wakiuza uanachama wa likizo, ambao wengi huuita taimusheya: unalipa fedha nyingi mara moja, kisha kila mwaka unapata siku zako za kukaa kwenye nyumba zao za mapumziko.

Bei ilikuwa dola 24,000. Tulipokataa, akaja bwana mwingine, kisha meneja. Kila anayekuja anapunguza kitu, anaongeza zawadi, na anasema bei hii ni ya leo tu, kesho haipo. Watoto wamechoka, sisi tumechoka. Mwisho wakasema: lipeni 2,400 leo, iliyobaki ni malipo madogo ya kila mwezi. Tukasaini.

Usiku baada ya Isha tukafungua karatasi tukazisoma pole pole. Yale "malipo madogo" yalikuwa dola 335 kwa mwezi kwa miaka 10. Ukijumlisha ni zaidi ya dola 40,000, na ukiongeza ile ya kwanza inapita 42,000 kwa kitu cha 24,000. Riba ilikuwa asilimia 14. Tulikaa kimya muda mrefu. Mama watoto akasema: "Nyumba ya kulala watoto tumeikataa kwa sababu ya riba, tukaja kuichukua kwa ajili ya bwawa la kuogelea?" Hapakuwa na la kujibu.

Alhamdulillah, kwenye karatasi zile zile tulikuta mlango. Sheria ya jimbo la Florida inampa mnunuzi wa taimusheya kwa kampuni siku 10 za kuvunja mkataba bila sababu wala faini, tangu siku ya kusaini au ya kupokea karatasi ya mwisho, ile itakayochelewa. Haki hiyo huwezi kuiuza wala kuisamehe, hata ukisaini kuwa umeisamehe. Kwa ndugu zetu walioko nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza, muda ni siku 14. Sisi tuliandika barua, tukaipeleka posta kwa kusajiliwa, tukatunza risiti. Fedha zetu zikarudi. Katika fiqhi tumefundishwa mlango wa khiyari, yaani haki ya kurudisha biashara. Siku ile tulielewa kwa nini mlango huo upo.

Tulipomsimulia kaka yetu mmoja, alicheka akasema: kosa lenu ni kununua dukani, kanunueni mtumba. Tukaanza kuchunguza, na haya ndiyo tuliyoyakuta.

Kwanza, mkono wa pili ni rahisi mno, na urahisi huo wenyewe ni habari. Kuna watu wanauza uanachama wao kwa dola 1, ule ule walioununua kwa maelfu. Kwa nini? Kwa sababu kila mwaka kuna ada ya matunzo, uende au usiende, na ada hiyo hupanda. Bwana wa Orlando alituambia kwamba watoto wetu watarithi. Hakutuambia kwamba wangeweza kurithi na ada.

Pili, si kila kitu kinahama na karatasi. Tuchukue mfano wa Disney Vacation Club. Siyo kampuni tuliyosaini nayo, ila masharti yake yanajulikana wazi. Wao wanauza kwa pointi, na kila pointi ina jengo lake. Mwenye jengo anaweza kuweka nafasi miezi 11 kabla. Majengo mengine miezi 7 kabla. Ukinunua kwao wenyewe, pointi moja miaka hii imepita dola 200, kwa hiyo pointi 150 ni zaidi ya dola 30,000. Kwa mkono wa pili, pointi za Old Key West, jengo lao la kwanza lililofunguliwa 1991, tulizikuta kwa chini ya dola 100.

Lakini aliyenunua mkono wa pili tangu Aprili 2016 hapati yale mapunguzo ya wanachama. Na aliyenunua pointi za majengo ya zamani kwa mkono wa pili tangu Januari 2019 hawezi kuzitumia Riviera wala kwenye majengo mapya yaliyofuata. Zaidi ya hayo, kampuni ina haki ya kukutangulia: mkishakubaliana bei na muuzaji, wao wanaweza kuichukua kwa bei ile ile.

Na mikataba mingi ya Old Key West inaisha 2042. Baada ya hapo huna kitu. Kwa hiyo si mali kama kiwanja cha Buyenzi. Ni kodi ya muda mrefu uliyoilipa mapema, na kila mwaka unaongeza ada, ambayo kwa pointi 150 inapita dola 1,000.

Kwa maoni yetu, mwenye fedha taslimu, anayependa mahali pamoja na ana uhakika wa kwenda kila mwaka, mkono wa pili ni nafuu zaidi. Mapunguzo ya wanachama hayafikii tofauti ya maelfu ya dola. Ila asinunue kabla ya kuuliza haya:

1. Ada ya mwaka ni kiasi gani, na je, muuzaji anadaiwa?
2. Mkataba unaisha mwaka gani?
3. Ni haki zipi hazihami kwa mnunuzi wa pili?
4. Fedha zitashikwa na nani mpaka jina libadilishwe? Usimtumie muuzaji moja kwa moja.
5. Je, una siku za kurudisha? Zile siku 10 ni za kununua kwa kampuni. Usidhani zipo pia ukinunua kwa mtu.

Na kwa kampuni au kwa mtu, usikope kwa riba. Suratul Baqara, aya ya 282, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandika deni. Sisi tuliandikiwa deni, tukasaini kabla ya kulisoma.

Mwisho hatukununua kokote. Tulitazama maisha yetu. Likizo tunayoitaka ni ya Idi, na Idi inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka: Idi ya Ramadhani ilikuwa Aprili mwaka 2024, na 2025 tayari ilikuwa mwisho wa Machi. Wiki iliyofungwa mahali pamoja haitufai. Na kazi za ghala hazikupi ratiba ya miezi 11 mbele.

Kisha tukapiga hesabu ya mwisho. Dola 335 kwa mwezi ni 4,020 kwa mwaka. Bibi yao watoto yuko Buyenzi, na mtoto wetu wa mwisho hajawahi kumshika mkono. Tumefungua bahasha ya nauli, na kila mwezi tunaweka kile ambacho tungemlipa yule bwana wa Orlando. Inshaallah tutakwenda sote watano.

Ndugu zetu, mtu akikwambia bei ni ya leo tu, mwambie utarudi kesho. Ikiwa ni heri kwako, kesho itakuwepo.

Wabillaahi tawfiiq.